Sabuni ya Kufulia ya Kujitengenezea: Kupima Si Kukisia



Kila nikitembelea vikundi vya akina mama, mambo ya sabuni hayakosi. Bei ya dukani haishuki, sare za shule zinangoja kufuliwa kila Jumamosi, na nyumba yenye mtoto mchanga inamaliza mche mzima kabla wiki haijaisha. Halafu swali linakuja, karibu kwa maneno yale yale: "Madam, si utufundishe sabuni ya asili, ile haina kemikali?"

Naomba tuanze na swali hilo, maana ndilo limewaponza wengi, na mimi mwenyewe nikiwemo. Sabuni isiyo na kemikali haipo, na haijawahi kuwepo. Sabuni ni mafuta yaliyounganishwa na kitu kikali. Zamani kitu hicho kilitoka kwenye majivu, siku hizi tunatumia kostiki soda, ambayo viwandani hutengenezwa kwa maji ya chumvi na nguvu za umeme. Vikishaungana sawasawa, mafuta si mafuta tena na soda si soda tena. Vimekuwa sabuni, na pamoja nayo glisirini kidogo, ile ambayo watu hununua ya kupaka ngozi. Lakini kama soda imezidi, ile iliyozidi inabaki vile vile ndani ya mche, ikingoja mikono yako. Ndiyo maana somo la leo ni la mizani zaidi kuliko la mwiko.

MAJIVU YA BIBI

Wasomaji wa Magharibi wanajua munyu, yale maji ya majivu ya maganda ya maharagwe yanayotiwa kwenye mboga ili ziive upesi na kulainika. Basi maji hayo hayo ndiyo ndugu mkubwa wa sabuni. Ukitaka ya kufulia, chukua majivu meupe ya kuni ngumu, au ya majani na maganda makavu ya ndizi. Usichukue majivu ya makaa yaliyochanganyika na plastiki na takataka. Toboa matundu madogo chini ya ndoo, weka majani makavu kama chujio, jaza majivu, kisha mimina maji polepole. Yanayodondoka chini ni ya rangi ya chai nyepesi, na ukiyagusa yanateleza kwenye vidole. Huko kuteleza ni ngozi yako inaanza kugeuka sabuni, kwa hiyo osha mkono mara moja.

Maji hayo ni mazuri kwa kuloweka nguo za shamba, matambara ya jikoni na kola zenye jasho. Loweka usiku, asubuhi fua na suuza vizuri. Lakini msitarajie kupata mche mgumu kwa majivu. Chumvi iliyomo ni ya potasi, na hata ukiichemsha kwa siku nzima na mafuta, kinachotoka ni sabuni laini kama ugali uliokosa unga. Inafua, ndiyo, ila huwezi kuikata wala kuipeleka sokoni. Tena kila majivu yana ukali wake, hakuna anayejua kipimo. Mimi huwa nawaambia vikundi wajaribu mara moja ili waelewe, halafu tuendelee mbele.

Kuna wanaodhani kwamba kikitoka kwenye mmea basi ni salama. Hapa jirani, Ethiopia, upo mmea unaoitwa endod. Tangu zamani wanawake wa huko husaga matunda yake madogo na kufulia nguo, yanatoa povu zuri kabisa. Mwaka wa 1964, mwanasayansi wa huko huko, Aklilu Lemma, alikuwa Adwa akaona konokono wengi wamekufa mtoni, upande wa chini wa mahali wanawake walipokuwa wakifua. Kumbe povu lile ndilo lililowaua, na konokono wa aina hiyo ndio wanaobeba kichocho. Ikawa habari njema kwa watu wa afya. Lakini angalieni upande wa pili pia: povu linaloua konokono linaua na samaki, na mtu akila mmea ule anadhurika. Mmea huo unaota hata Kenya. Asili ina nguvu zake.

VIPIMO

Sasa tuje kwenye mche wenyewe. Kila aina ya mafuta inakula kiasi chake cha soda. Kwa kilo 1 ya mafuta, vipimo ninavyotumia ni hivi, na vyote vinaacha mafuta kidogo yazidi ili sabuni isiwe kali:

Mafuta ya ng'ombe: gramu 135 za kostiki soda.
Mafuta ya mawese, au yale ya kukaangia ya mawese: gramu 135.
Mafuta ya nazi: gramu 175.
Mafuta ya alizeti au ya mahindi: gramu 128.

Mtaona nazi inakula soda nyingi kuliko wenzake. Mtu akichukua kipimo cha nazi akakitia kwenye mafuta ya ng'ombe, ametengeneza kitu cha kutolea rangi mlango, si nguo.

Sabuni ninayoipenda kwa vikundi vya bara ni ya gramu 800 za mafuta ya ng'ombe na gramu 200 za mafuta ya nazi. Ya ng'ombe inatoa ugumu, ya nazi inatoa povu. Soda ni gramu 143, maji ni gramu 350. Kwa maji unaweza kutumia kikombe cha vipimo, kwa sababu maji mililita 350 ni gramu 350. Kwa mafuta usifanye hivyo hata siku moja, na sababu nitaieleza hapa chini kwa aibu yangu mwenyewe.

Mafuta ya ng'ombe mnayapata bucha, na mara nyingi kwa bei ndogo mkizungumza na mwenye bucha mapema. Yakateni vipande vidogo, myachemshe na maji na kijiko cha chumvi mpaka yayeyuke, mchuje kwa kitambaa, kisha myaache usiku. Asubuhi mafuta yameganda juu kama sahani nyeupe. Yainueni, mkwangue uchafu ulioshika chini, mmwage maji. Yakiwa bado yananuka nyama rudieni tena. Pimeni baada ya kusafisha, si kabla.

Vifaa: mizani ya jikoni ya betri inayosoma gramu moja moja (ya dukani ya kupimia sukari haitoshi), ndoo au jagi la plastiki ngumu, mwiko, glavu za mpira, miwani ya kufunika macho, na sanduku la mbao lililotandikwa karatasi ya nailoni. Na sufuria. Hapa nisikilizeni vizuri. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na kostiki soda inakula alumini. Inachemka, inatoa hewa inayoweza kushika moto, na sufuria yako inatoboka. Tumieni ya enameli isiyobanduka au ya chuma kisichoshika kutu. Hata kijiko cha alumini kisiguse.

KAZI YENYEWE

Fanyeni nje au mahali penye hewa, watoto wakiwa wamepelekwa kwa jirani. Vaeni glavu, miwani na nguo za mikono mirefu. Tia maji baridi kwenye jagi, kisha nyunyiza soda ndani ya maji kidogo kidogo ukikoroga. Soda ndani ya maji. Usigeuze ukamwaga maji juu ya soda, maana inaweza kulipuka kama uji unaofurika na kukurukia usoni. Maji yatapata moto sana yenyewe bila jiko na yatatoa moshi. Geuza uso pembeni. Yaache yapoe mpaka ukishika jagi kwa nje, mkono unahisi uvuguvugu tu.

Mafuta nayo yeyusha, changanya ya ng'ombe na ya nazi, acha yapoe mpaka yawe vuguvugu lakini yasianze kuganda. Mimina maji ya soda ndani ya mafuta polepole, ukikoroga upande mmoja. Kwa mkono huchukua nusu saa, pengine saa nzima, kwa hiyo pokezaneni na mpige hadithi. Itakuwa tayari ikifika uzito wa uji: ukiinua mwiko na kuacha tone lidondoke, alama yake inabaki juu kwa muda kabla ya kuzama. Mimina kwenye sanduku, funika kwa gunia, acha siku 1 au 2. Kisha kata ukiwa na glavu, panga vipande kwenye rafu yenye hewa na kivuli, vikiachana kidogo, na uvigeuze kila wiki.

Sasa subira. Wiki 4 ndicho kiwango cha chini, 6 ni bora. Katika muda huo soda inamaliza kuungana na maji yanakauka, mche unakuwa mgumu na hauishi upesi kwenye karai. Kujua kama imeiva, lowesha kidole, sugua kwenye sabuni, kisha gusa ncha ya ulimi kidogo tu. Ikikurusha kama ulimi uliogusa betri ya redio, bado kuna soda iliyo huru. Ikiwa ni ladha mbaya ya sabuni tu, iko sawa.

LITA SI KILO

Mwaka wa 2012 nilikuwa nikifundisha kikundi kimoja kule Pwani. Nazi zipo, akina mama wana bidii, nami nimetoka kwenye semina ya siku tatu najiona bingwa. Hatukuwa na mizani ya maana. Soda tulipimiwa dukani, lakini mafuta nikasema, "Si taabu, lita moja ni kilo moja." Tukatengeneza mara kumi, wakakata, wakauza kwa majirani baada ya wiki 2 kwa sababu ada za shule zilikuwa zimefika.

Wiki iliyofuata mama mmoja alikuja ofisini, akanifungulia viganja vyake bila kusema kitu. Vilikuwa vimebabuka. Halafu akasema taratibu tu, "Mwalimu, sabuni yako inakula watu."

Hesabu niliifanya usiku ule. Lita 1 ya mafuta ya nazi si kilo moja, ni kama gramu 920. Gramu 920 za nazi zinaweza kula gramu 168 za soda, basi. Mimi nilikuwa nimewapa 175. Kwa hiyo kila mara tuliyotengeneza, gramu kama 7 za soda zilikosa mafuta ya kuungana nayo, zikabaki ndani ya vipande. Na kwa kuwa tuliuza baada ya wiki 2, hata ile ambayo ingeungana ilikuwa bado haijamaliza kazi.

Tulizunguka nyumba kwa nyumba kuikusanya. Wengine walirudishiwa pesa, na zilitoka kwenye sanduku la kikundi, jambo ambalo nakumbuka mpaka leo kwa sababu ile ilikuwa ada ya mtoto wa mtu. Ile iliyorudi tuliipara kwenye kikwaruzo, tukaichemsha polepole na maji kidogo, na kwa kila kipimo tukaongeza gramu 80 za mafuta zilizokuwa zimepungua. Ikakaa wiki 6. Ikafaa. Lakini wateja walichukua mwaka kurudi, na kitu cha kwanza tulichonunua ni mizani.

Kijiko nacho ni vivyo hivyo. Kuna soda ya vipande bapa na kuna ya chembe ndogo za mviringo, kijiko kimoja hakilingani uzito. Tena soda inavuta unyevu wa hewani, ikikaa kopo wazi inashikana na kupoteza nguvu. Aliyekuambia "vijiko saba" hakukudanganya, pengine vijiko vyake vilikuwa saba.

KOPO LENYE UFUNGUO

Jambo hili nimeliweka peke yake. Mwaka wa 2016 nilikaa wodini na mama ambaye mtoto wake wa miaka 3 alikunywa maji ya kostiki. Mama alikuwa ameyachanganya ndani ya kikombe cha chai, simu ikaita, akatoka mlangoni. Ilikuwa dakika mbili. Mtoto alipona, tunashukuru, lakini koo lilipata kovu, likawa jembamba. Miezi mingi alilishwa kwa mpira, na alirudishwa hospitali mara kwa mara kupanuliwa njia ya chakula.

Kwa hiyo: soda haiwekwi kwenye chupa ya soda, ya maji wala ya juisi. Haichanganywi kwenye chombo cha kula. Inakaa kwenye kopo lake lenye jina na kifuniko, ndani ya sanduku lenye kufuli. Ikimrukia mtu kwenye ngozi, vueni nguo iliyolowa na mmwagie maji safi mengi kwa dakika 20. Ikiingia jichoni, osheni jicho likiwa wazi kwa maji hayo hayo dakika 20 au zaidi, halafu hospitali, hata kama anasema ameshapata nafuu. Mtu akiimeza, msimtapishe, kwa sababu iliyochoma ikishuka itachoma tena ikipanda. Msimpe siki wala ndimu mkidhani mnaizima. Msukutueni mdomo kwa maji, mumkimbize hospitali na kopo lenyewe mkononi.

MAJI YANAYOKATAA POVU

Wengi wanalaumu sabuni kumbe kosa ni la maji. Maji mengi ya kisima cha kuchimbwa yana chokaa. Sabuni inashikana na chokaa ile, inatoa utando mweupe na povu halionekani. Dawa yake ni magadi, yale yale ya Ziwa Magadi kule Kajiado, ambako kampuni ya kuyachimba iliundwa tangu 1911. Yayeyushe kwanza kwenye maji moto, chuja mchanga, kisha tia kiasi cha kijiko kimoja cha mezani kwa ndoo ya lita 20. Koroga, acha yatulie, ndipo ufue. Sabuni utakayookoa utaiona mwenyewe. Msiloweke sweta za sufu humo, zinaharibika.

Na magadi si kostiki soda. Nimekutana na vikundi vilivyochanganya majina haya mawili. Ukitia magadi badala ya kostiki kwenye mafuta, utakoroga mpaka jioni na mche hautapata. Ukitia kostiki badala ya magadi kwenye maji ya kufulia, utatoka bila ngozi ya vidole.

Siki au maji ya ndimu yanafaa kwenye maji ya mwisho ya kusuuza, kijiko kimoja au viwili kwa ndoo, nguo zinakuwa laini. Lakini usiyatie kwenye maji yenye sabuni. Ukali wa siki unaivunja sabuni irudi kuwa mafuta, na shati linatoka na mabaka. Wala usiyachanganye kamwe na dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe, maana hutoa hewa ya sumu. Doa la damu ni maji baridi, si moto. La utomvu wa ndizi mimi bado sijalishinda.

Wengine wataniuliza sabuni ya maji, ile ya ungarol na ufacid inayouzwa kwa chupa mitaani. Hiyo ni kazi nyingine kabisa, si ya mafuta, na ufacid ni asidi kali inayohitaji somo lake.

JE, INALIPA?

Inategemea mafuta. Mkinunua mafuta ya kupikia dukani kwa bei ya rejareja ili mtengeneze sabuni, mche wenu utakuwa ghali kuliko wa kiwandani, na hakuna bidii itakayobadilisha hesabu hiyo. Inalipa mahali penye mafuta ya bucha, nazi za shambani kwenu, au mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi na mandazi, yakichujwa na kuoshwa.

Tufanye mfano, bei zenu mtaweka wenyewe. Mafuta ya ng'ombe sh. 250, nazi 120, soda 60, kuni na karatasi 30, jumla 460. Kilo moja ya mafuta na vingine vyote inatoa karibu kilo moja na nusu ya sabuni mbichi. Mkikata vipande 6, kila kimoja ni kama gramu 245, na kimemgharimu mtu karibu sh. 77 kabla ya kulipa jasho lake. Baada ya wiki 6 kipande hicho hicho kitapungua, pengine kifike gramu 210. Anayeuza kwa uzito auze kwa uzito wa sabuni kavu, mteja asije akapima nyumbani akaona ameibiwa. Na mkitoka kwenye matumizi ya nyumbani kwenda kuuza madukani, mtahitaji alama ya ubora ya KEBS. Ulizeni ofisi yao mapema, kabla ya kuchapisha karatasi za kufungia.

Kwa mkutano wenu ujao, kila kikundi kije na lita 1 ya mafuta wanayotaka kutumia na mizani ya kuazima. Pimeni lita hiyo mbele ya wote, katibu aandike uzito wake kwenye daftari. Mweka hazina aje na bei tatu za mafuta kutoka sehemu tatu. Na kabla hamjanunua hata gramu moja ya soda, chagueni mtu mmoja atakayeshika ufunguo, jina lake liandikwe kwenye kumbukumbu za siku hiyo.